UKIACHA KOMPYUTA UKASHIKA JEMBE

Wako vijana wengi wenye kazi ya kompyuta mjini ambao wamechoka kukaa kitini toka asubuhi hata jioni. Macho yawauma, na mgongo pia. Mioyo yao yataka kurudi nyumbani, Bungoma au Kitale, wakafanye kazi ya shamba. Kama wewe ni mmoja wao, nia yako ni njema. Lakini fikiri mambo haya kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.

Kwanza, ukikosea kwenye kompyuta, wabonyeza kitufe na kosa limefutika. Ukikosea kupanda, kosa hilo litakaa nawe mpaka msimu ujao. Mtu ye yote aliyechelewa mvua za masika hawezi kuzirudisha.

Pili, mshahara huja mara 12 kwa mwaka, lakini mahindi hayaji hivyo. Mahindi ya Kitale ya jamii ya 600, ambayo ya kwanza yake, Hybrid 611, ilitolewa mwaka 1964, hukaa shambani miezi 6 hadi 8 katika nyanda za juu. Katika miezi hiyo watoto watakula na karo italipwa. Kwa hiyo weka kando fedha za chakula na karo za mwaka mzima, wala usizitie katika shamba. Tena uwe na kitu cha kuleta shilingi kila juma, kama vile sukuma wiki, mayai au maziwa.

Tatu, usiige kila kitu cha jirani. Mabanga iko chini kuliko Kitale, na mbegu za jamii ya 500 ndizo zilizotengenezwa kwa mahali pa kimo cha kati. Mbegu iliyomfaa ndugu yako Kitale huenda isikufae wewe.

Basi uanzeje? Anza na robo ekari wakati ungali na mshahara. Lakini usiwe mkulima wa simu, yaani mtu anayetuma fedha kutoka Nairobi na kuletewa habari njema tu. Chukua likizo yako wakati wa kupanda, ushike jembe mwenyewe. Palizi moja itakufundisha kama mwili wako waiweza kazi hii.

Kabla ya kununua mbolea, pima udongo. Chimba kiasi cha sentimeta 20 mahali mbalimbali shambani, uache penye kichuguu na penye samadi ya zamani. Changanya udongo huo vizuri, upeleke nusu kilo hivi kupimwa. Ukiambiwa udongo una asidi nyingi, tia chokaa ya kilimo miezi michache kabla ya kupanda, kwa maana chokaa hufanya kazi polepole.

Wala usidhani ya kwamba elimu yako ya ofisini imepotea. Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimeta 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, robo ekari yachukua miche kama 4,500. Ihesabu baada ya kuota. Kama miche 450 imekosekana, sehemu moja katika kumi ya mavuno imekwisha kupungua kabla ya palizi ya kwanza. Mtu aliyezoea hesabu huona jambo hilo mapema. Andika kila shilingi itokayo na iingiayo, na tarehe ya kila kazi.

Mambo mengine huwezi kuyapata katika kompyuta. Nenda Chuo cha Wakulima cha Mabanga, uulize siku za mafunzo, na umwone Bwana Shamba au Bibi Shamba wa wadi yako. Waulize pia wazee waliolima udongo ule miaka mingi. Baada ya misimu miwili, kitazame kitabu chako cha hesabu. Hapo ndipo utakapojua kama wakati wa kuandika ile barua umefika.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.