Siku za Kurudi: Ruhusa ya Ukaazi na Safari ya Nyumbani

Kiongozi wa kikundi, angalia kama wote wamekaa na kila mtu anaisikia redio vizuri. Leo tunahitaji kalamu, karatasi na kalenda.

Wengi wetu tuna ndugu Maskati, Dubai au Riyadhi. Ndugu hao wanaishi huko kwa ruhusa ya ukaazi, ambayo wengi huiita ikama. Wakija likizo huonyesha kadi yao, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu yake huenda iko mbali, pengine mwaka mzima mbele. Basi hudhani wana nafasi ya kukaa nyumbani mpaka tarehe hiyo ikaribie. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Ruhusa ya ukaazi ina hesabu mbili. Ya kwanza ni tarehe ya kadi. Ya pili ni siku ambazo mwenye kadi anaruhusiwa kuwa nje ya nchi ile. Hesabu ya pili ikiisha kwanza, ruhusa hufa, hata kama kadi yenyewe bado ni nzima.

Jambo hili si geni kwa watu wa Kaole. Tazameni magofu yale, kilomita kama 5 kutoka mjini Bagamoyo, yenye misikiti na makaburi ya kale. Hapo palikuwa na bandari, nayo leo imezibwa na mikoko. Majahazi ya Uarabuni yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Nahodha aliyechelewa, upepo ukageuka, hakuwa na la kufanya ila kungoja msimu mwingine. Siku hizi upepo hauwazuii wasafiri. Sheria ndiyo yenye msimu wake, na yeye aliyechelewa hubaki ufukweni vilevile.

Kwa nini serikali huweka sheria hiyo? Ruhusa ya ukaazi hutolewa kwa sababu maalum: kazi, biashara, masomo, au kumfuata mume au mke. Hata kwetu Tanzania ni hivyo. Mgeni mwenye mtaji wake hupewa kibali cha ukaazi Daraja A, aliyeajiriwa hupewa Daraja B, na wengine, kama wanafunzi na watafiti, hupewa Daraja C. Mtu akiondoka muda mrefu, serikali ya nchi ile husema: huyu hakai kwetu tena, basi ruhusa ya kukaa ya nini?

Sasa tuzitazame nchi zenyewe. Katika Omani, mkaazi mgeni akikaa nje zaidi ya miezi 6 mfululizo, ruhusa yake hupotea. Katika Falme za Kiarabu, yaani Dubai, Abu Dhabi na wenzao, kipimo cha kawaida ni hicho hicho, siku 180, ingawa wako wachache waliosamehewa, kama wenye visa ya dhahabu. Saudia ina utaratibu wake. Mfanyakazi hatoki hivi hivi. Hupewa kwanza ruhusa ya kutoka na kurudi, nayo ina siku zake. Yampasa arudi kabla hazijaisha.

Ndugu walioko mbali zaidi nao wana hesabu zao. Mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani, anayetaka kukaa nje mwaka mmoja au zaidi, yampasa aombe hati ya kurudi akiwa bado Marekani, kabla ya kusafiri. Hati hiyo kwa kawaida haizidi miaka 2. Kule Uingereza, mwenye ruhusa ya kukaa bila kikomo huipoteza akikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Huu ni mfano tu, si habari ya mtu fulani. Mama mmoja wa Kaole anafanya kazi Maskati. Mumewe anaugua nyumbani. Mama anaomba ruhusa kwa tajiri wake, na anatoka Omani tarehe 3 Januari. Anamwuguza mumewe miezi miwili. Tarehe 5 Machi mume anafariki. Mama anakaa eda, miezi 4 ya mwandamo na siku 10, yaani siku kama 128. Eda inakwisha karibu na tarehe 11 Julai. Haya, hesabuni tangu tarehe 3 Januari. Ni siku 189. Miezi 6 ilikwisha tarehe 3 Julai.

Tazameni jambo lilivyo. Mama huyu hakucheza wala hakudanganya mtu. Alimwuguza mumewe, akamzika, akatimiza eda yake. Eda peke yake haikumpitisha kipimo, wala uuguzaji peke yake. Viwili vilipojumlishwa ndipo siku zilipozidi. Naye ana tikiti ya kurudi mkononi! Lakini tikiti si ruhusa. Shirika la ndege hutazama karatasi za msafiri kabla ya kumpakia, na huenda akarudishwa pale pale uwanjani Dar es Salaam.

Angefanyaje? Mambo ya eda na safari ya lazima ni ya kumwuliza sheikh wake, sisi hapa tunasema hesabu tu. Lakini siku ile ya msiba mtu mmoja wa nyumbani angechukua kalenda na kuhesabu, angeona hatari ikiwa bado mbali kwa miezi minne. Angepata nafasi ya kumpigia tajiri, na ya kwenda kuuliza ubalozi wa Omani ulioko Dar es Salaam, siku zingali zipo.

Na aliyekwisha kupitiliza? Asikate tamaa, wala asimpe fedha mtu wa mtaani anayejidai kuijua njia ya siri. Tangu mwaka 2023 Falme za Kiarabu zina utaratibu kwa mtu wa namna hiyo. Akiwa bado nje, aweza kuomba ruhusa ya kurudi, aeleze sababu yake na kuonyesha ushahidi, kwa mfano karatasi za hospitali. Hutozwa faini ya dirhamu 100 kwa kila siku 30 alizopitisha. Mahali pasipo na njia kama hiyo, hapana budi kuanza upya kama mgeni: visa mpya, mkataba, na kupimwa na daktari.

Wako watakaosema, "Mbona mwaka 2020 watu walikaa nje muda mrefu na wakarudi?" Kweli. Wakati wa korona ndege zilisimama, na serikali hizo zililegeza sheria kwa muda. Baadaye sheria ilirudi. Msamaha wa siku za dhiki si desturi ya siku zote.

Basi kila anayekuja nyumbani aandike tarehe tatu na kuzibandika ukutani. Kwanza, tarehe ya mwisho ya pasi yake. Pili, tarehe ya mwisho ya kadi ya ukaazi. Tatu, siku ya mwisho ya kuwa nje, ikihesabiwa tangu siku aliyotoka katika nchi ile, si siku aliyofika Kaole. Katika tarehe hizo tatu, inayotangulia ndiyo ya kufuatwa. Tena sheria hubadilika, kwa hiyo kila safari aulize upya kwa ofisi inayohusika.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Mtu ametoka Dubai tarehe 1 Machi. Siku ya 180 itaangukia tarehe gani?

2. Kadi yake yaonyesha mwisho wake ni 20 Julai. Je, afuate tarehe ipi?

3. Katika nyumba yenu, nani atashika kalenda siku ya msiba?

Jibu la swali la kwanza ni tarehe 28 Agosti. La pili, afuate 20 Julai. La tatu mtajibu wenyewe, na heri mlijibu leo, hali wote ni wazima. Kwaherini mpaka somo lijalo.