Nauli ya Ulaya si nyama ya Burma: namna ya kupata tiketi nafuu bila kuliwa pesa

Soko la Burma liko kando ya barabara ya Jogoo hapa Nairobi, karibu na uwanja wa Joe Kadenge ambao wengi bado twauita City Stadium. Watu huja hapa kutafuta nyama. Mwenye kulijua soko hili, akiwa na pesa kidogo, haji asubuhi. Huja jioni, wakati mwenye bucha anataka kufunga na hataki nyama ilale. Hapo bei hulegea, na mwenye ulimi hupata kilo kwa pesa ambayo asubuhi asingethubutu kuitaja.

Tabia hiyo ndiyo inayotuponza kwenye tiketi za ndege. Sisi watu wa Pwani tunaoishi mitaa ya Eastlands, kuanzia Majengo ya Pumwani hadi Makongeni, hatukosi ndugu Ulaya, na hasa Italia. Malindi na Italia zimejuana tangu Waitalia walipojenga kituo chao cha kurushia setilaiti kule Ngomeni, wakarusha ya kwanza kutoka baharini mwaka 1967. Baadaye zikaja hoteli, zikafuata ndoa na kazi. Leo mtu wa kwetu akitaka kwenda kumuona nduguye katika mji wa pwani kama Genova au Napoli, hungoja siku za mwisho akitumaini nauli italegea kama nyama ya jioni. Hailegei. Mimi huombwa mara kwa mara kuwatafutia watu tiketi, na nimeona ni afadhali nieleze mambo haya mara moja kwa wote.

Kwa nini bei hupanda badala ya kushuka

Kiti cha ndege nacho huoza. Ndege ikipaa na kiti kitupu, kiti hicho hakitauzwa tena milele. Kwa hivyo mtu angedhani shirika litakitoa kwa bei ya hasara siku ya mwisho. Lakini fikiria ni nani anayenunua tiketi leo ili asafiri kesho. Mara nyingi ni aliyefiwa, au mwenye mgonjwa, au mfanyabiashara anayelipiwa na kampuni. Hao watalipa wanachoambiwa. Shirika linalijua hilo, nalo huwawekea viti vya bei ghali.

Viti vya daraja la kawaida vinafanana, lakini kwenye mfumo vimegawanywa katika makundi ya bei, kila kundi na herufi yake. Kundi la bei ya chini lina viti vichache. Vikiisha, linafunguliwa kundi linalofuata na nauli inaruka. Ndiyo maana watu wawili huketi bega kwa bega, mmoja akiwa amelipa karibu mara mbili ya mwenzake. Ndiyo maana pia nauli uliyoiona usiku, asubuhi haipo. Wengine hufuta historia ya simu wakidhani bei itarudi. Hairudi, kwa sababu viti vyenyewe vimeshanunuliwa.

Kutokana na hayo kuna jambo dogo lenye faida kwa familia. Ukitafuta viti vinne kwa pamoja na kundi la bei ya chini limebaki na vitatu, mfumo huwapandisha wote wanne hadi bei ya juu. Tafuta kwanza kiti kimoja, kisha viwili, kisha vinne. Ukiona bei ya mtu mmoja inabadilika, nunua kwa mafungu.

Lini kuna jua na nauli ni ya chini

Burma twashindania bei kwa ulimi. Kwenye ndege twashindana kwa tarehe. Nauli za kwenda Italia hupanda kuanzia Juni hadi Agosti, shule zinapofungwa kule na huku, na Waitalia wenyewe wengi wako likizoni karibu na tarehe 15 Agosti, sikukuu yao ya Ferragosto. Hupanda tena Desemba hadi mwanzo wa Januari.

Anayetaka jua na nauli ya wastani atazame Mei, au Septemba hadi katikati ya Oktoba. Mei, huku kwetu mvua ya masika inanyesha, kule jua limeshaanza. Septemba ni bora zaidi kwa mwenye kupenda maji, kwa sababu bahari ya Mediterania hupata moto polepole na kupoa polepole. Novemba na Februari nauli ni ya chini, lakini ujue unakwenda kuvaa koti.

Siku ya kusafiri ina uzito kuliko siku ya kununua. Katikati ya wiki mara nyingi huwa nafuu kuliko Ijumaa na Jumapili. Tumia Google Flights au Skyscanner, fungua kalenda ya bei ya mwezi mzima, kisha weka arifa ili uambiwe bei ikibadilika. Anza kutazama miezi mitano kabla, na ununue ikiwa imebaki miwili au mitatu, bora viza iwe imepatikana.

Uondokee Nairobi au Mombasa?

Jomo Kenyatta kuna ushindani mkubwa. Ethiopian hupitia Addis Ababa, EgyptAir hupitia Cairo, Turkish hupitia Istanbul, Qatar hupitia Doha, Emirates hupitia Dubai. Uwanja wa Moi, Mombasa, nao una Ethiopian na Turkish, kwa hivyo mtu wa Kisauni au Malindi asidhani lazima apitie Nairobi. Neos ya Italia huleta watalii Mombasa moja kwa moja kutoka Milano, lakini ratiba yake hupangwa kwa faida ya anayetoka Ulaya. Si vibaya kuulizia, ila usiitegemee.

Linganisha kwa hesabu kamili. Tangu Januari 2024 tiketi ya SGR ya daraja la kawaida kati ya Mombasa na Nairobi ni shilingi 1,500. Ongeza teksi kutoka Syokimau hadi uwanjani, chakula, na pahali pa kulala ikiwa ndege ni ya alfajiri. Tofauti ya nauli ikiwa ndogo kuliko hizo, ondokea Mombasa.

Tahadhari moja hapa. Ukikata tiketi inayoanzia Mombasa na kupitia Nairobi, huwezi kuja kwa SGR ukapandia Nairobi. Usipotokea kwenye safari ya kwanza, mfumo huzifuta zote zilizobaki, hata ya kurudi. Pandia palipoandikwa.

Upande wa Ulaya nao una hesabu yake. Anayekwenda Genova si lazima ashukie Genova. Milano ina ndege nyingi zaidi, na kutoka hapo treni huchukua takriban saa mbili. Andika nauli mbili kwenye karatasi, ya kufika mjini kabisa na ya kufika mji mkubwa wa jirani pamoja na treni, kisha uchague.

Wengine huambiwa wanunue tiketi ya Nairobi hadi mji wowote wa Ulaya, halafu waunganishe na Ryanair au easyJet. Inawezekana, lakini hizo ni tiketi mbili zisizojuana. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungoji wala hurudishiwi pesa. Mizigo utaichukua mwenyewe na kuipeleka upya, na mashirika hayo hutoza begi kubwa kando. Kwa mama mzee anayesafiri mara ya kwanza, mimi husema tiketi moja toka mwanzo hadi mwisho, hata ikizidi kidogo.

Viza kwanza, pesa ya tiketi baadaye

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Kwa safari fupi tunahitaji viza ya Schengen. Ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukikataliwa. Maombi hupokelewa mapema kabisa miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini unaweza kufika 45. Bima ya safari lazima igharimie matibabu ya angalau yuro 30,000. Pasipoti iwe imebakisha miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, iwe imetolewa ndani ya miaka 10, na ina kurasa mbili tupu. Kama huna, ya kurasa 34 kwenye eCitizen ni shilingi 7,500.

Ubalozi hutaka kuona mpango wa safari, yaani nafasi iliyoshikwa. Usinunue tiketi isiyorudishwa pesa kabla ya viza. Mwombe wakala akushikie nafasi kwa siku chache, au nunua tiketi inayorudishwa na usome ni kiasi gani kitakatwa ukiirudisha.

Tiketi ya kweli ina nambari 13

Mama mmoja wa Malindi, anayeuza chakula hapa sokoni, binti yake anatarajia kujifungua Genova mwezi wa Oktoba. Zamu yake ya chama ilipofika, akapata pesa ambazo hajawahi kushika kwa pamoja. Wiki hiyohiyo akaletewa ujumbe wa WhatsApp na mtu aliyejiita wakala: tiketi kwa nusu ya bei, mwisho ni leo, tuma kwa nambari hii. Akapelekewa na karatasi yenye jina lake, tarehe na nembo ya shirika. Kabla ya kutuma, akanijia.

Karatasi ile ilikuwa na herufi na tarakimu 6 tu. Hizo ni za nafasi iliyoshikwa, ambayo hufutika yenyewe baada ya muda kama haijalipiwa. Mtu yeyote mwenye wakala rafiki anaweza kuipata bure. Tiketi iliyolipiwa ina nambari ya tarakimu 13, na tarakimu 3 za mwanzo ni za shirika lililoitoa: 706 ni Kenya Airways, 071 Ethiopian, 077 EgyptAir, 235 Turkish. Tukaomba nambari hiyo. Simu ikazimwa.

Kwa hivyo fanya hivi. Ukipewa karatasi, ingia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika, weka zile herufi 6 na jina lako la ukoo, utazame kama imeandikwa kuwa tiketi imetolewa. Lipa kwa paybill au till yenye jina la kampuni, usilipe kwa nambari ya mtu binafsi. Uliza leseni ya wakala kutoka Tourism Regulatory Authority. Na anayekwambia "leo tu" mwambie urudi nyumbani ukafikirie. Akikasirika, umepata jibu.

Mzigo wa nyumbani

Nauli ya chini kabisa mara nyingi haina begi la kupakia, na kulilipia uwanjani ni ghali kuliko kulilipia mapema. Kabla hujalipia kilo za ziada, jua kinachoruhusiwa. Umoja wa Ulaya haukubali msafiri kutoka kwetu aingie na nyama wala maziwa, kwa hivyo nyama kavu ya Burma na samli ya bibi zibaki. Maembe nayo hudaiwa cheti cha afya ya mimea. Lakini nazi, ndizi, nanasi na tende zinapita bila cheti hicho. Binti anayetamani wali wa nazi hatakosa nazi yake.

Hesabu ya mama

Baada ya hapo tuliketi na mama tukaandika mambo yote kwenye ukurasa mmoja wa daftari: pasipoti, viza, bima, nauli ya kufika Milano, treni, begi moja, na pesa ya kushika mkononi. Jumla ilikuwa kubwa kuliko ile "nusu ya bei", lakini kila shilingi ilikuwa na kazi yake. Alitaka kuondoka Ijumaa. Tukatazama kalenda, Jumanne ikawa nafuu, na tofauti hiyo ikatosha kulipia begi. Nafasi yake imeshikwa kwa tiketi moja kupitia Addis Ababa, naye anangoja viza.

Nawe unayepanga safari, andika ukurasa wako kabla hujafungua mtandao. Weka tarehe mbili au tatu unazoweza kusafiri, badala ya moja. Kama una wakala unayemwamini, Mombasa, Lamu, Malindi au huku Eastlands, mpe ukurasa huo na umuulize maswali haya moja baada ya jingine. Wakala mwaminifu atayajibu yote bila haraka.