Moyo Mgonjwa Wakati wa Maradhi ya Kuenea

Ndugu msikilizaji wa Miono, na wewe unayelisoma somo hili kwa macho, leo twauliza hivi: ugonjwa wa kuambukiza ukienea nchi nzima, mtu aliyekwisha kuandikiwa kupasuliwa moyo atafanyaje?

Jambo hili lilitufika. Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, iliyopewa jina la jirani yenu wa Msoga, ilikuwa na madaktari wake wa kupasua. Lakini ilizoea pia kupokea makundi ya madaktari kutoka Israeli, Australia na kwingineko, waliokuja kupasua pamoja na wenyeji. Mwezi wa Aprili ndege za abiria za nje zikasimamishwa hadi Mei. Na India, waliyoizoea wagonjwa wetu tangu zamani, ilikuwa imekwisha kufunga anga lake.

Tena kazi yenyewe ni ya shida. Wakati wa kupasua moyo, mara nyingi damu hupitishwa katika mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu. Mashine hiyo ilifaulu kwa mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1953. Halafu mgonjwa hulazwa akipumua kwa msaada wa mashine nyingine. Na mgonjwa mahututi wa Korona ataka nini? Kitanda kile kile, mashine ile ile, wauguzi wale wale! Isitoshe, aliyepasuliwa akishikwa na Korona siku zile zile, hatari ya kufa huzidi sana.

Kwa hiyo hospitali za moyo ulimwenguni ziliwagawa wagonjwa. Ambaye mshipa wake mkubwa umechanika hupasuliwa leo leo. Mwenye vali iliyobana, anayehema kwa hatua chache, hawezi kungoja miezi. Mtoto mwenye tundu dogo, naye anakua vizuri, aweza kungoja, ila daktari hupiga simu kuuliza hali yake. Mimi naona simu hiyo ilikuwa na faida kubwa, maana aliyengoja jana leo huenda ni wa dharura.

Basi mama, mwanao akiwa anangoja, mtazame. Midomo ikigeuka rangi ya samawati, miguu ikivimba, au akishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, usingoje tarehe uliyoandikiwa. Aliyeandikiwa sindano ya penisilini kila majuma 3 au 4 asikose hata moja, kwa sababu homa ya baridi yabisi ikirudi huzidi kuiharibu vali. Aliyewekewa vali ya chuma asiache vidonge vya warfarini. Aulize mapema, njia zikifungwa, damu yake itapimwa wapi.

Juma hili zungumzeni katika kundi lenu: mgonjwa akizidiwa saa nane za usiku, nani Miono ana gari la kumfikisha barabara kuu ya Chalinze na Segera, na nambari yake ya simu iko kwa nani?