Swichi moja mbaya inaweza kusimamisha seva tatu nzima

Mimi nilisoma agronomia, lakini kwenye kazi yangu nachunga pia seva tatu zenye kubeba data ya wakulima: vipimo vya udongo, ukubwa wa mashamba, mavuno ya kila saizoni. Wengi wananiuliza: "Kama seva ziko tatu, moja ikikufa zingine zitaendelea, siyo?" Ndiyo, lakini kama swichi yenye kuziunganisha imepangwa vizuri. Kuko watu wananunua mashine za bei kali, kisha wanazichomeka kwenye swichi vile ilitoka kwenye katoni. Shida inaanzia pale.

Seva za kundi moja zinatumiana ujumbe mudogo kila wakati: "niko hai". Tunaita mapigo ya moyo. Moja isiposikika kwa sekunde chache, zingine zinahesabu kama imekufa, zinachukua kazi yake. Sasa kama haikufa, ni rezo tu iliziba? Mashine mbili zinaweza kuandika juu ya data moja, kila moja kivyake, na data inaharibika. Ndiyo maana tunaweka tatu, siyo mbili: mbili zenye kusikilizana ndizo wingi, zinaendelea, ile iliyobaki peke yake inajizuia.

Basi, kwenye swichi angalia mambo manne.

1. Tenganisha njia. Kwenye mufereji mmoja, shamba la juu likikunywa maji yote, la chini linakauka. Vilevile, kopi kubwa ya usiku inaweza kufunika mapigo ya moyo. VLAN inagawanya swichi moja kama vile ziko swichi nyingi. Lakini VLAN mbili kwenye kable moja bado zinagawana upana uleule. Kwa hiyo mapigo ya moyo yapate VLAN yao, na kama pesa iko, kable yao pia.

2. Ondoa kungojea kusiko na faida. Swichi zinatumia STP, kazi ya Radia Perlman ya mwaka 1985, ili data isizunguke bila mwisho pale kable zinafanya duara. Kwa STP ya zamani, porti ikiwaka inangoja sekunde 30 mbele ya kupitisha data. Kwa mapigo ya moyo, ile ni kifo. Porti zenye kwenda kwa seva ziwekwe kwenye hali ya kufunguka mara moja. Kwa Cisco inaitwa portfast. Usiiweke kamwe kwenye porti yenye kwenda kwa swichi ingine.

3. Funga kable mbili kuwa moja. LACP inafanya kable mbili zionekane kama njia moja. Moja ikikatika, ingine inaendelea. Inatakiwa kuwekwa pande zote mbili, kwa seva na kwa swichi. Lakini usidanganyike juu ya mwendo: kable ya gigabiti 1 inapitisha megabaiti 125 kwa sekunde, na mazungumzo mamoja ya seva mbili yanabaki kwenye kable moja tu.

4. Linganisha ukubwa wa pakiti. Kawaida ni baiti 1500. Kwa kuhamisha data nyingi, wengi wanaweka 9000. Ukiweka 9000 kwa seva na swichi ikabaki kwa 1500, pakiti ndogo zitapita na kubwa zitapotea: utaona mashine "ziko hai", lakini kopi haiendelei. Kwa Linux pima na ping -M do -s 8972, kisha anwani ya seva ingine. Baiti 28 zingine ni za vichwa vya pakiti, jumla 9000.

Kisha, na hapa kwetu ndiyo kubwa: hifadhi mipango. Swichi nyingi zinashika mabadiliko kwa muda tu. Umeme ukikatika, yote yanapotea, na swichi inaamka vile ilikuwa zamani. Kwa Cisco, amri ni copy running-config startup-config.

Mwisho, chagua siku isiyo na kazi, hakikisha kopi iko mahali pengine, chomoa kable moja kwa mkono wako na uangalie. Ni heri kujua siku hiyo kuliko usiku wa mavuno, wakati wakulima wanangojea hesabu yao.