Je, Wajua? Birika, Themosi na Kahawa Isiyochafua

Nimekuwa nikitafuta chombo cha kupikia kahawa nyumbani, kisichokula umeme ovyo wala kujaza pipa la taka. Niliyokutana nayo njiani ni matamu kama kahawa yenyewe. Sogea karibu.

Kisumu maji huchemka kabla ya nyuzi 100

Mji huu uko takribani mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku hukandamiza maji kwa nguvu ndogo kuliko ya pwani, hivyo yanachemka yakifika nyuzi 96 hivi, wakati Mombasa yanangoja hadi 100. Sasa sikia utamu wake: wajuzi wa kahawa hupendekeza maji ya kati ya nyuzi 90 na 96! Mtu wa Mombasa aipue birika na asubiri kidogo. Wewe wa Kisumu unamimina papo hapo. Zipo mashine za bei kubwa zinazouzwa kwa sifa ya kupima joto la maji, na kazi hiyo mwinuko wa mji umekwisha kukufanyia bure.

Uniti moja ya tokeni, vikombe 50

Birika la umeme hutumia takribani sehemu moja ya kumi ya uniti kuchemsha lita moja. Lita ni vikombe vitano vya kawaida, basi uniti moja inatosha vikombe 50, karamu nzima ya harusi ndogo! Shida ni kwamba wengi wetu tunajaza birika pomoni kwa ajili ya mnywaji mmoja, na umeme wa vikombe saba unapotea hewani. Ukienda dukani, tafuta birika lenye mistari ya kipimo inayoanzia chini kabisa, kwenye kikombe kimoja au viwili. Huo mstari mdogo naupenda kuliko nembo yoyote ya kijani iliyobandikwa kwenye boksi.

Maji ya mto Sondu hufanya kazi mara mbili

Kule Nyakach, maji ya mto Sondu huzungusha mitambo ya Sondu-Miriu yenye uwezo wa megawati 60. Yakitoka hapo hayapumziki: yanaingia Sang'oro, yanazalisha hadi megawati 21 nyingine, ndipo yaachiwe yaende zake ziwani. Na ziwani ndiko mtambo wa Dunga unakovuta maji ya mabomba ya Kisumu. Huenda tone lililozungusha mtambo juzi ndilo linalochemka jikoni kwako leo.

Hili lina uzito katika kuchagua chombo. Kwa jumla, karibu uniti 9 kati ya 10 za umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Ushauri wa nchi zinazochoma makaa ya mawe, kwamba umeme ni mchafu, haukai vizuri huku kwetu. Ukitaka kulinganisha, kilo moja ya makaa ya kawaida, yakichomwa kwenye tanuri la udongo, humeza kilo sita za kuni au zaidi.

Themosi ilibuniwa kutunza baridi

Mwaka 1892 mwanasayansi James Dewar alitengeneza chupa ya kuta mbili, katikati pametolewa hewa, ili gesi zilizopozwa hadi kuwa majimaji zisipate joto. Leo hakuna sebule ya Kisumu isiyo na mjukuu wa chupa ile, mwenye maua ubavuni!

Mashine nyingi za kuchuja kahawa zina sahani ya moto chini ya jagi. Sahani ya wati 75 ikiachwa masaa mawili hula uniti 0.15, yaani zaidi ya umeme uliochemsha lita nzima. Umoja wa Ulaya uliliona hilo: tangu 2015, mashine mpya za namna hiyo zenye jagi la kawaida lazima zijizime ndani ya dakika 40 baada ya kupika, na zenye jagi la themosi ndani ya dakika 5. Ukiwa na themosi, sahani hiyo huihitaji hata dakika moja.

Chujio la karatasi lilitoka kwenye daftari

Mwaka 1908, mjini Dresden, mama wa nyumbani Melitta Bentz alichoshwa na machicha mdomoni. Akatoboa chombo cha shaba, akachana karatasi ya kukaushia wino kutoka daftari la mwanawe, akamimina. Kampuni yake ingali hai. Siku hizi kitambaa cha pamba kinachofuliwa hufanya kazi hiyohiyo, na machicha huenda moja kwa moja kwenye shimo la mboji.

Majivu ya mtu yaliwekwa ndani ya birika

Birika la moka, lile la aluminiamu lenye kiuno, lilitolewa na Alfonso Bialetti nchini Italia mwaka 1933. Mwanawe Renato ndiye aliyelisambaza duniani, na alipofariki mwaka 2016 majivu yake yalitiwa ndani ya birika kubwa la aina hiyo, likapelekwa kanisani. Halitaki waya wala karatasi, na hudumu miongo. Kinachochoka ni ule mpira wa kuzibia. Liwekee moto mdogo, usiozidi kitako chake.

Hamburg iliviondoa vidonge

Mwaka 2016 mji huo wa Ujerumani ulizuia fedha za umma kununua vidonge vya kahawa. Gramu chache za kahawa, kila mara kwa kifuko chake cha plastiki au aluminiamu! Mimi navipita bila kugeuka.

Kikombe kimoja, lita 140 za maji

Ndiyo hesabu ya watafiti wa maji: toka mbuni shambani hadi kinywaji mezani, kikombe kidogo cha mililita 125 hudai takribani lita 140, sehemu kubwa ikiwa mvua. Madumu saba ya lita 20. Kwa hiyo chombo kidogo, kinachopika kiasi kitakachonyweka, huokoa mengi kuliko kikubwa kinachobakiza cha kumwaga.

Ng'ambo ya ziwa kahawa hutafunwa

Wahaya wa Bukoba hawakungoja mashine ya mtu. Tangu zamani wamekuwa wakichemsha matunda ya robasta, mmea ulio asili ya eneo hili la ziwa, pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha wakayaanika juani. Mgeni akibisha hodi, huletewa buni chache kiganjani. Anatafuna, mazungumzo yanaanza, na hakuna kikombe cha kuosha.