Michezo ya kale yadai kioo chake

Je, msomaji, umewahi kuuwasha mchezo wa video uliocheza utotoni, ukaona haya kwa niaba yake?

Mjini Kakamega, kama kwingineko nchini, wapo wazazi waliolelewa na mashine za katriji, zile nakala za Famicom ya Nintendo zilizochomekwa nyuma ya televisheni. Leo wana watoto wanaosoma Chuo Kikuu cha Masinde Muliro au shule za upili. Mtoto hutia katika kompyuta programu inayoiga mashine ya kale, yaani emuleta, kisha humwita baba aje amwone Mario wa mwaka wa 1985. Baba huja mbio. Anachokuta ni vigae vitupu: pua ya mraba, kofia ya mraba, mawingu kama matofali.

Kumbukumbu ya baba haijamdanganya. Picha haikuwa hivyo.

Televisheni ya chogo ilichora picha kwa mwali wa elektroni uliopita mstari baada ya mstari, ukiwasha vidoa vya rangi nyekundu, kijani na buluu. Mfumo uliotumika Kenya ulikuwa na mistari 625, lakini Famicom ilituma 240 tu, hivyo kati ya mstari na mstari pakabaki weusi mwembamba. Waya nao ulichanganya rangi jirani. Wachoraji walilijua hilo wakalitumia. Maporomoko ya maji katika Sonic wa Sega, mchezo wa mwaka wa 1991, ni michirizi iliyosimama. Kwenye chogo michirizi iliyeyuka ikawa maji angavu. Kwenye kioo cha kisasa ni uzio.

Tena kuna hesabu. Kioo kipya kina safu 1,080. Gawanya kwa 240, upate nne na nusu. Nusu safu haipo, basi mistari mingine hupewa safu nne na mingine tano, na mchezo ukitembea picha humeta ovyo.

Hapo ndipo inapoingia sheda. Hii ni programu ndogo inayoipitia picha kabla haijafika kiooni, ikirudisha mistari myeusi, vidoa vya rangi na ule ulaini wa kingo. RetroArch, ambayo hupatikana bure, huja na sheda nyingi. CRT-Royale ni mashuhuri kwa uzuri, lakini huila kompyuta hafifu mzimamzima. Mwenye simu au kompyuta ya mtumba na ajaribu zfast-CRT. Mistari hiyo hufifisha mwanga, basi ongeza mwangaza kidogo. Wengine hupinda picha kama tumbo la chungu ili ifanane na chogo. Kwa maoni yangu huko ni kuzidisha chumvi.

Jambo la pili ni ovalei, yaani fremu inayozunguka mchezo. Picha ya kale ilikuwa na upana wa nne kwa kimo cha tatu. Kwenye kioo chenye nukta 1,920 kwa upana, hubaki nukta 240 tupu kila upande. Wengi huivuta picha ijaze kioo, na Mario hunenepa kama aliyetoka karamuni. Afadhali utie fremu ya mbao au ya televisheni kuukuu, umwache na umbo lake.

Wazo hili si geni. Odyssey ya Magnavox, mashine ya mwaka wa 1972, ilichora nukta na mstari mweupe tu. Uwanja wenyewe ulikuwa karatasi ya plastiki iliyobandikwa kiooni. Vectrex ya mwaka wa 1982 nayo ilipata rangi zake kwa plastiki.

Angalizo kwa wanafunzi: emuleta yenyewe si kosa, lakini Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 haimruhusu mtu kunakili mchezo wa mwenzake eti kwa kuwa umezeeka. Ipo michezo mipya inayotungwa kwa mashine hizo na kutolewa bure na wenyewe.

Na wewe mzazi ambaye bado una chogo kando ya kabati, limefunikwa kitambaa cha kufuma, usilitupe kabla ya kulijaribu: likiwaka, halihitaji sheda yoyote. Ila mtoto asilifungue. Kioo chake kina risasi, na ndani huweza kubaki maelfu ya volti hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.