Unaongeza Chumba cha Vioo? Anza na Mbao za Mshazari

Wakaazi wengi hupenda kuigeuza veranda kuwa chumba cha vioo cha kuotea jua la asubuhi. Ni chumba kizuri, lakini kina udhaifu mmoja: hakina kuta nzima. Nyumba yako hustahimili upepo kwa sababu kuta zake za mawe hazipindi kwa urahisi. Chumba cha vioo hutegemea nguzo, na kioo si ukuta. Nguzo zikiyumba, kioo hupasuka na kuwaangukia walio ndani.

Jaribu hili nyumbani. Unganisha vijiti vinne viwe mraba, kwa msumari mmoja kila kona, kisha uusukume ubavuni. Mraba utalala. Sasa pigilia kijiti cha tano kutoka kona hadi kona. Hautalala tena, kwa kuwa umekuwa pembetatu mbili, na pembetatu haibadili umbo mpaka kijiti kivunjike au msumari ung'oke.

Chumba chako kinahitaji vivyo hivyo. Mwambie fundi:

• Aweke mbao au vyuma vya mshazari upande wa mbele na pande za ubavuni, kutoka chini ya nguzo hadi juu. Upande mmoja hautoshi, upepo hauchagui. Huenda ukapoteza nafasi ya dirisha karibu na kona, lakini ukuta mfupi chini ya madirisha hauzuii sehemu ya juu kuyumba.
• Aweke mshazari mwingine kwenye paa, chini ya mabati.
• Afunge mbao za paa kwenye nguzo kwa mikanda ya chuma, na nguzo kwenye msingi wa zege. Upepo hausukumi tu, pia huinua paa.
• Asishikize paa jipya kwenye plasta au ubao wa fasia. Boliti ziingie kwenye zege imara, au chumba kisimame chenyewe kwa nguzo zake.

Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inataka upate kibali cha serikali ya kaunti kabla ya kujenga. Usidhani nyongeza imesamehewa. Fika katika afisi ya mipango ukiwa na mchoro unaoonyesha mishazari hiyo.

Mwisho, kagua kazi kabla ya dari kupigiliwa. Baada ya hapo, hutaona kilichosahaulika mpaka siku ya upepo.